Safari ya Tarime na Serengeti Pamoja na Picha za Sungi Mlengeya

Mtu atokaye Musoma kwenda Tarime huuvuka Mto Mara katika daraja la Kirumi, mahali ambapo mto huo, baada ya kuteremka kutoka nyanda za juu za Kenya na kuikata kaskazini ya Hifadhi ya Serengeti, umekwisha punguza mbio zake na kutawanyika katika matete kabla ya kujimwaga ziwani. Na wengi wa abiria hawageuzi hata shingo kuutazama, kwa kuwa aghalabu huo ndio wakati kondakta apitapo kudai nauli. Mimi niliutazama kwa makini, si kwa sababu ni mzuri kuliko mito mingine, bali kwa sababu mto huu huu, ukipigwa picha huko juu hifadhini, nyumbu wakiuvuka kwa maelfu na mamba wakiwangoja, ni miongoni mwa mito mashuhuri sana duniani, ilhali hapa Kirumi, unapovukwa na walimu, wauza dagaa, na wanafunzi waliosinzia juu ya mabegi yao, hakuna aliyewahi kuona faida ya kuutundika ukutani.

Fikra hiyo haikuzaliwa darajani. Ilinijia mwaka 2021 mjini Kampala, katika jumba la sanaa la Afriart, lililoasisiwa na Daudi Karungi mwaka 2002, ambako Sungi Mlengeya, mchoraji wa Kitanzania, alikuwa ametundika maonyesho yake yaitwayo Just Disruptions. Mlengeya alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1991. Hakusomea uchoraji, bali alijifunza mwenyewe. Alikuwa mtumishi wa benki, na mwaka 2018 akaiacha kazi hiyo, jambo ambalo wazazi wengi wa nchi yetu, wanaoamini kwamba benki ni jirani wa pepo, wangeliona ni wazimu au ni uchawi wa watu. Picha zake ni kubwa, rangi ya akriliki juu ya turubai, na karibu zote ni za wanawake weusi. Nguo walizovaa ni nyeupe, na nyuma yao hakuna nyumba, wala mti, wala mbingu, ila weupe mtupu. Na kwa kuwa vazi ni jeupe na nyuma ni peupe, mpaka baina ya vazi na hewa hutoweka, ikabaki ngozi peke yake kulithibitisha umbo: uso, shingo, mkono uliochomoza, mguu ulionyooshwa, vyote vimejengwa kwa nyeusi na kahawia za namna nyingi, zenye mwanga wake begani na kivuli chake chini ya kidevu. Gauni ambalo mchoraji hakulichora, mtazamaji hulichora mwenyewe kwa jicho lake bila kujua kwamba amepewa kazi.

Kitu kilichonishika zaidi ni kwamba wanawake hao hawafanyi kazi yoyote. Hawateki maji, hawatwangi, hawabebi kuni, hawamnyonyeshi mtoto, wala hawalii. Wamekaa, wameegemeana, wamejinyoosha, wengine wanacheza, wengine wanakutazama kwa macho ya mtu asiyekusudia kukueleza lolote. Wamo katika raha mustarehe, na raha hiyo hawakuiombea ruhusa.

Yafaa niseme kidogo juu ya nasaba ya picha za namna hii, kwa kuwa hazikuota peke yake. Lubaina Himid, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1954 aliyepelekwa Uingereza angali mtoto mchanga, alikusanya kazi za wanawake weusi watano katika Africa Centre ya London mwaka 1983, wakati ambapo majumba makubwa ya mji huo hayakuwa na haja nao. Yeye mwenyewe akaja kupata Tuzo ya Turner mwaka 2017. Katika Africa Centre hiyo hiyo, ikiwa sasa katika jengo lake jipya la Southwark, Mlengeya alitundika mwaka 2022 maonyesho ya (Un)choreographed, ambamo wanawake wanacheza ngoma isiyo na mwalimu. Na Novemba ya mwaka huo, jumba la Zeitz MOCAA la Cape Town, lililokuwa likiongozwa na marehemu Koyo Kouoh, likafungua When We See Us, mkusanyo wa picha zaidi ya 200 ambazo watu weusi wamewachora watu weusi katika muda wa miaka mia moja, Mlengeya akiwa mmoja wao. Picha hazikupangwa kwa nchi wala kwa tarehe, bali kwa hali za maisha, mlango mmoja ukiwa wa furaha na shangwe, mwingine wa mapumziko, kwa kuwa waandalizi walikusudia dhahiri kuiweka furaha mbele ya maumivu. Mwaka 2024 mkusanyo huo ukasafiri hadi Basel. Wako wanaosema kwamba furaha hii ya watu weusi imekuwa bidhaa, kwamba matajiri wa Ulaya na Marekani walianza kuigombania baada ya mwaka 2020 kama wanavyogombania viatu vya toleo dogo. Na sikatai, maana soko halina adabu mahali popote. Lakini mtu akinunua kitu kwa nia mbaya, kitu chenyewe hakiwi kibaya kwa sababu hiyo.

Basi nilichapisha picha kadhaa za Mlengeya katika karatasi nene, nikazitia katika bahasha ya kaki, nikakusudia kwenda nazo katika wilaya za Tarime na Serengeti, nchi ambayo inachorwa na kupigwa picha kuliko karibu kila nchi ya Tanzania, na ambayo watu wake huonekana kwa nadra sana katika picha hizo, au wakionekana huwa wamo katika balaa.

Tarime yenyewe ni mji wa baridi, uliokaa juu, wenye migomba na kahawa kandokando yake na mawe makubwa yaliyorundikana vilimani kana kwamba yalianguka mzigoni yakasahauliwa. Tarime ya magazetini ni nyingine kabisa: ni ya mapigano ya koo, ya mgodi, ya ukeketaji, na katika mizaha ya Watanzania Mkurya ni askari, ni mkali, na mke wake ni mtu wa kuhurumiwa. Mimi Jumapili ile ya kwanza nilikaa mahali pa kuchomea nyama, nikaletewa kichuri, ile nyama ya utumbo iliyotiwa uchungu wa nyongo ambayo mgeni huila mara ya kwanza kwa heshima na mara ya pili kwa uroho, na katika meza ya jirani walikuwako wanawake watano waliovaa sare za kitenge, wametoka kanisani, wakicheka kwa sauti ambayo ilimlazimu mwenye duka kupunguza redio yake. Walicheka nini sikujua, kwa kuwa walikuwa wakisema Kikurya, na sikuona kwamba ni haki yangu kujua.

Siku iliyofuata, katika mtaa ulio nyuma ya soko, nilimkuta kijana akichora ukuta wa saluni ya kike. Alikwisha andika jina la saluni na orodha ya bei, na sasa alikuwa akimchora mwanamke aliyesukwa twende kilioni, kichwa na shingo tu, kikubwa kuliko cha mtu. Chini ya ngazi yake palikuwa na makopo ya rangi ya mafuta, chupa ya maji ya kunywa iliyojaa tina, na kipande cha ubao alichokifanya sahani ya kuchanganyia. Nilimsalimu, nikasimama. Alikuwa akiijenga ngozi ya shavu, na nilistaajabu kuona kwamba kopo la nyeusi lilikuwa limefunikwa, wala hakuligusa. Alichukua nyekundu ya matofali, akaitia njano kidogo, kisha buluu kwa ncha ya brashi, akakoroga hadi ikapatikana kahawia ya moto, akaipaka juu ya taya. Kisha akaongeza buluu, akaipaka chini ya sikio.

“Nyeusi ya kopo ukiipaka peke yake,” akaniambia bila kugeuka, “mtu hapumui. Anakuwa shimo.”

Nikatoa bahasha, nikampa karatasi moja. Alifuta mikono kwa kitambaa, akashuka, akaipeleka karibu kabisa na uso wake, akalitazama bega la yule mwanamke kwa muda kuliko alivyomtazama uso. Akasema, “Hapa pia hakuna nyeusi. Mbali unaiona nyeusi, karibu ni zambarau. Huyu mama anajua.” Nikamwambia kwamba si mama, ni kijana kama yeye, na kwamba hakufundishwa na mtu. Hilo lilimpendeza, akaita mwenzake aliyekuwa akipiga rangi mlango. Wote wawili wakaitazama tena, na mwenzake akauliza kwa nini hakumaliza.

“Amemaliza,” nikasema. “Weupe ndio mwisho wake.”

Yule wa kwanza akacheka, akasema kwamba mteja wake akikuta ukuta umeachwa hivyo hatamlipa hata senti, kwa kuwa katika biashara yao nafasi tupu ni ushahidi wa uvivu, na ndiyo maana pembeni mwa kichwa cha yule mwanamke wa saluni alikuwa ameagizwa aongeze mkasi, kitana, mashine ya kukaushia nywele, na maua mawili. Nikaona kwamba amenieleza, bila kukusudia, jambo ambalo nisingelipata katika maelezo ya wataalamu: nafasi tupu ni anasa, na mchoraji ampaye mwanamke mweusi nafasi yote ile, bila kudai aijaze kwa zana za kazi yake, amempa kitu cha thamani.

Mtaa huo huo una studio ya picha, na ndani yake pana kitambaa cheupe kimetundikwa kwa misumari, mbele yake kigoda. Huo ndio weupe ambao wengi wetu tumekwisha kaa mbele yake: wa paspoti saizi, kwa ajili ya shule, kitambulisho, kazi, mkopo. Mpiga picha hukuambia usicheke, uinue kidevu, masikio yaonekane. Weupe huo pia huondoa nyumba na shamba na jamaa, lakini huviondoa ili serikali ikutambue. Na mtu hutoka hapo akiwa na nakala nane za uso ambao mama yake mzazi hawezi kuupenda. Ajabu ni kwamba Mlengeya amechukua takriban kitambaa kile kile akakitumia kwa kusudi la kinyume, na wanawake wake mbele ya kitambaa hicho wamesahau kabisa kama kuna ofisi.

Kutoka Tarime kwenda Mugumu njia hupita Nyamwaga na Nyamongo. Juu ya Nyamongo sina mengi. Vilima vya mawe ya mgodi wa dhahabu wa North Mara huonekana kutoka mbali, vimechongwa kwa kimo ambacho Mungu hakukitia katika hesabu yake ya awali, na habari za mahali hapo zina waandishi wake. Baada ya hapo nchi huteremka, joto huongezeka, migomba hupungua, tukauvuka tena Mto Mara, sasa ukiwa na kingo na rangi ya chai ya maziwa, tukaingia wilaya ya Serengeti.

Sheria ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana ilikwisha kufanya kosa kumkeketa binti aliye chini ya miaka 18, na bado, aghalabu katika mwezi wa Desemba, hasa katika miaka igawanyikayo kwa mbili, wako mabinti wa wilaya hizi mbili wanaokimbia usiku kutafuta hifadhi, Masanga kwa upande wa Tarime na Mugumu kwa upande wa Serengeti, ambako watawa, makanisa na wanawake wenyeji wamefungua nyumba za kuwapokea. Mwenyeji wangu alijitolea kunipeleka katika moja ya nyumba hizo, kama wanavyopelekwa waandishi wote. Nilimshukuru, nikakataa. Mabinti hao wamekwisha tazamwa sana. Kila ripoti ina picha ya mmoja wao, uso umetiwa giza au amegeuzwa mgongo, na kusudi la picha hizo ni jema, na fedha ambazo zimeletwa nazo zimewalisha na kuwasomesha, wala mimi si mtu wa kumkemea anayeokoa maisha kwa njia aliyo nayo. Nasema tu kwamba mtu akifahamika kwa jeraha lake pekee, hata lile ambalo hakulipata kwa sababu alikimbia, huwa ameibiwa sehemu nyingine zote za maisha yake, ikiwamo ile sehemu ambayo, mchana wa kawaida, ameshiba, kazi zimekwisha, na rafiki yake amesema neno la kuchekesha. Mlengeya huichora sehemu hiyo. Nilipita nje ya ukuta wa nyumba ile, nikasikia ndani watoto wa kike wakigombana juu ya zamu ya kuruka kamba, nikaendelea na njia yangu.

Kutoka Mugumu nilikwenda Robanda, kijiji cha Waikoma kilicho mlangoni pa hifadhi, karibu na Fort Ikoma, boma walilolijenga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Hapa ndipo mtu anapoiona kwa macho ile Serengeti ya ulimwengu: majani mafupi, miti ya mgunga iliyotawanyika, upeo usio na kizuizi. Na hapa yafaa nimtaje Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, ambaye pamoja na mwanawe Michael aliruka juu ya nyika hizi kuhesabu wanyama, katika ndege ndogo iliyopakwa milia ya punda milia kutoka pua hadi mkia. Michael alifariki ndege hiyo ilipoanguka Januari 1959. Filamu yao ya Serengeti ikatoka mwaka huo huo, na mwaka 1960 ikapata Tuzo ya Oscar. Sidhani kuna kazi ya sanaa iliyoibadili nchi yoyote ya Afrika Mashariki zaidi ya filamu hiyo. Iliwafundisha watu wa mabara mengine kuiona Serengeti, ambayo ilikuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1951, kuwa ni mahali ambapo binadamu ni mvamizi. Na kwa kuwa ilifanywa na watu waliopenda kwa dhati, hata mmoja akafia mapenzi yake, hoja zake ni ngumu kupingwa bila mtu kuonekana adui wa swala.

Na wenyeji je? Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangoreme walikuwa wakiwinda, wakilima, wakichimba chumvi na kuoana katika nchi hiyo kabla ya mipaka yake. Jan Bender Shetler, mwanahistoria wa Marekani aliyekaa na wazee wa nchi hizi akakusanya masimulizi yao, ameonyesha katika kitabu chake cha mwaka 2007, Imagining Serengeti, kwamba mzee wa huku akiitazama nyika haoni utupu, anaona mahame, njia, makaburi na visima, kila kimoja kikiwa na mwenyewe. Nililithibitisha jambo hilo mbele ya mzee mmoja wa Robanda, ambaye tulisimama naye nje ya nyumba yake jioni, mimi nikitazama tembo wawili waliokuwa mbali, yeye akininyoshea fimbo upande mwingine kabisa, kwenye kilima kisicho na mnyama hata mmoja, akinisimulia ni ukoo gani ulihamia pale wakati wa njaa, na nani aligombana na nani, na kwa nini ndugu hao hadi leo hawaketi katika msiba mmoja kwa amani. Nilipomwuliza juu ya tembo akasema kwa kifupi kwamba wale wamekula mtama wa jirani yake juzi.

Hapo ndipo safari yangu ilipofikia jambo nililolifuata. Picha ambazo ulimwengu umeijua Serengeti kwazo zimeiacha nchi zikaondoa watu. Mlengeya ameondoa nchi, ameacha watu. Hakuna mchoraji aliye na haki ya kuchora nyika za dhahabu, mbuni, machweo na migunga zaidi ya Mtanzania, na wateja wangelizinunua. Yeye amezifuta zote kwa rangi nyeupe, kusudi macho ya mgeni yasipate pa kukimbilia, yabaki na yule mwanamke. Nilipoziona Kampala nilidhani weupe ule ni utulivu. Nilipoukumbuka Robanda, nikiwa nimezungukwa na yale yote ambayo haukuyachora, niliona kwamba ni ukaidi.

Karibu na njia iendayo mlangoni pa hifadhi pana kibanda cha kuuzia vinyago na picha. Picha zilikuwa za mtindo wa Tingatinga, ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga, mtu wa kusini aliyepaka rangi za mafuta juu ya vipande vya ubao, rangi zile zile za makopo ya yule kijana wa saluni, hata alipouawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972 kwa kudhaniwa mtu mwingine. Simba, twiga, punda milia. Na Wamasai warefu wembamba wenye mikuki, nyuso zao ni nukta. Nikamwuliza muuzaji kama anayo picha ya mwanamke wa Kiikoma, au wa Kikurya, au wa kabila lolote, mwenye uso.

“Wazungu hawanunui sura,” akanijibu. “Sura unamnunulia mtu unayemjua.”

Nikaona hilo ni jibu la mtu aliyesoma soko lake vizuri, ijapokuwa London na Basel wangelimtia mashakani.

Niliporudi Mugumu nilikuwa na nguo ya kutiwa kiraka, nikakaa barazani kwa fundi cherehani, mwanamke wa makamo mwenye maneno mengi, pamoja na wateja wake wanne waliokuwa wakingojea sare za harusi. Mazungumzo yalipofika kwa mgeni na kilichomleta, nikaifungua bahasha, na karatasi zikapita mkono kwa mkono. Wa kwanza, msichana aliyekuwa amejitanda kanga kichwani, alitaka kujua bei ya kitambaa cheupe kama kile na kama yule dada anaishi mahali pasipo vumbi. Wa pili aliitazama picha ya mwanamke aliyeegemea, akaipindua kuona kama kuna kitu nyuma yake.

“Huyu mtoto kamwachia nani?”

“Kwa nini awe na mtoto?” fundi akauliza, miguu yake haijaacha kukanyaga cherehani.

“Basi ndoo kaiweka wapi?”

“Hana ndoo! Mwache mwenzio apumzike. Wewe ukimwona mwanamke amekaa lazima umtafutie ndoo?”

Walicheka wote, na kicheko chenyewe kikaenda mbali kuliko neno lililokizaa, hata mwuza vocha wa upande wa pili akaja kuuliza kuna nini. Hapo kila mmoja akaanza kusema atakavyo achorwe yeye, endapo huyo mchoraji atapita Mugumu. Msichana alitaka kuchorwa akiruka. Wa pili, baada ya kuomba radhi kwa ndoo, akataka kuchorwa amelala kifudifudi, viatu amevua, na simu yake imezimwa. Fundi alitaka kuchorwa akicheka meno yote yaonekane, pamoja na lile pengo, kwa kuwa alilipata katika habari ambayo aliahidi kunisimulia na hakunisimulia.

Alikuwako bibi mmoja aliyekuwa amekaa pembeni na fimbo yake, amenyamaza. Huyo, niliambiwa baadaye, ni mwenye mji. Hakujaliwa mtoto wa kiume, na kwa desturi ya Wakurya iitwayo nyumba ntobhu alitoa ng'ombe wake mwenyewe akaoa mke, na watoto wa mke huyo ni wajukuu wa nyumba yake na warithi wake. Desturi hiyo imepata umaarufu, wengine wakiisifu kuwa ni uhuru wa wanawake, wengine wakilalamika kwa niaba ya wasichana wanaoolewa hivyo wangali wadogo, na pande zote mbili zina ushahidi. Bibi alizipokea karatasi, akazitazama moja baada ya moja kwa utaratibu wa mtu anayehesabu fedha, akanirudishia.

“Wazuri,” akasema. “Lakini, mwanangu, ng'ombe wao wako wapi?”

Nikamweleza, kwa taadhima na kwa urefu kuliko ilivyohitajika, kwamba mchoraji huyu kwa makusudi haweki kitu chochote nyuma ya mtu, wala nyumba, wala shamba, wala mifugo, ili mtu aonekane mwenyewe.

“Mwenyewe bila ng'ombe?”

“Ndiyo, bibi.”

Akafikiri. “Basi huyo sitakuwa mimi. Mwambie anichore na yule wangu mwekundu mwenye baka jeupe shingoni, na mke wangu asimame huku, tumeshika kamba wote wawili.”

Fundi akasimamisha cherehani, akasema kwamba haitawezekana, maana kama nyuma ni peupe na baka ni jeupe, shingo ya ng'ombe itapotea na kichwa kitabaki kinaelea peke yake. Wengine wakaafiki. Msichana akasema labda achorwe ng'ombe mwingine. Bibi akaijongeza fimbo yake mbele, akawatazama kwa zamu.

“Ng'ombe ni yule yule,” akasema. “Yeye ndiye abadilishe ukuta.”